Kaboneti au sitreti? Dada katolewa goita, vidole na midomo ganzi

Kichuguu_Kimara
Wakuu habari za jioni. Dada yangu kafanyiwa upasuaji wa goita wiki iliyopita hapa Dar. Kidonda kinaendelea vizuri na sauti imerudi. Shida ni ganzi: midomo na ncha za vidole, anasema ni kama anachomwachomwa na sindano. Kalsiamu aliyopewa wakati anaruhusiwa inaisha kesho. Nimezunguka Kariakoo, duka la kwanza wanasema chukua kaboneti, ndiyo ya siku zote na bei ya kawaida. Duka la pili yule dada ananiambia kaboneti imepitwa, chukua sitreti, na bei alivyoitaja nikamuuliza mara mbili. La tatu wana zile za kuyeyusha kwenye maji, zinatoka povu, ladha ya chungwa. Nataka kununua kesho asubuhi kabla sijaingia kazini. Nichukue ipi?

Mfamasia_wa_Mtaa
Pole kwa mgonjwa mkuu, ila umeleta nusu ya swali. Katolewa tezi ya shingo yote au upande mmoja? Karatasi ya kuruhusiwa imeandika kalsiamu peke yake, au kuna na vitamini D, na ni aina gani? Kalsiamu ya damu ilikuwa ngapi mara ya mwisho? Dawa gani nyingine anameza? Figo ziko sawa? Ana mimba? Bila hayo tutakuwa tunabashiri Simba na Yanga hapa.
Na kabla ya yote: ganzi ikizidi, vidole vikianza kujikunja vyenyewe, koo likimbana au akapata degedege, ni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe saa nane ya usiku. Usingoje duka lifunguliwe.

Ngosha_Asilia
Kaboneti. Hayo mengine ni biashara. Asilimia 40 ya kaboneti ni kalsiamu yenyewe, sitreti haifiki hata 22. Kidonge cha kaboneti cha miligramu 1250 kinakupa 500 za kalsiamu. Kuzipata hizo 500 kwenye sitreti unameza vidonge viwili au zaidi, vikubwa, tena mtu mwenye mshono shingoni. Mke wangu alipewa kaboneti hiyohiyo na leo yuko shamba.

Zainab_Mtoni
Ngosha unasema kilichomo kwenye kidonge, husemi kinachoingia mwilini. Kaboneti inataka asidi ya tumbo ili iyeyuke, kwa hiyo lazima imezwe na chakula. Mtu katoka upasuaji, hamu ya kula hana, uji anaunywa vijiko vitatu, asidi hiyo itoke wapi? Sitreti unameza umekula, hujala, sawa tu. Halafu kaboneti inajaza gesi na kufunga choo. Nimeitumia mimi mwenyewe baada ya kutolewa tezi, nikafika mahali naogopa kwenda msalani. Nilipohamia sitreti nikapumua.

Kichuguu_Kimara
Asanteni. Katolewa yote. Karatasi imeandikwa kalsiamu 1x3, chini kuna dawa nyingine, mwandiko siusomi, inaanza na "Al". Majibu ya damu sina, wamesema kliniki wiki ijayo. Mimba hana. Dawa za tezi anameza asubuhi.

Mfamasia_wa_Mtaa
Inayoanza na "Al" huenda ni alfakalsidoli. Mkuu hiyo ndiyo dawa muhimu kuliko mjadala wote wa kaboneti na sitreti. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vijitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, ndivyo vinavyotoa homoni inayoshikilia kalsiamu ya damu. Tezi yote ikitolewa, vinaweza kutikiswa, kukosa damu, au kimoja kikaondoka pamoja na goita bila kuonekana. Kalsiamu kwa kawaida inashuka zaidi siku mbili mpaka nne baada ya upasuaji. Kwa wengi vijitezi vinaamka baada ya wiki au miezi kadhaa. Wachache ndio wanabaki na tatizo moja kwa moja.
Vitamini D ya kawaida ya dukani lazima figo ziigeuze ndipo ifanye kazi, na figo zinasubiri amri ya homoni hiyohiyo iliyokosekana. Ndiyo maana daktari anaandika alfakalsidoli au kalsitrioli, ambazo hazisubiri amri hiyo. Kwa hiyo usikubali mtu wa duka akubadilishie na D3 eti ni ileile. Piga picha karatasi uiweke hapa, ila futa jina lake kwanza. Na umesema za tezi anameza asubuhi: anameza pamoja na kalsiamu?

Mwenda_Kitonga
Hapo kwenye "ni ileile" niacheni niseme, maana nimeyaona.
Mama watoto alitolewa tezi Dar, akaruhusiwa, tukapanga kurudi nyumbani Makambako. Karatasi ilikuwa na kalsiamu na hiyo alfakalsidoli. Dawa tukanunua duka moja karibu na stendi usiku wa kuamkia safari. Kijana akasema hizo hana, lakini ana hii hapa, ina kalsiamu ndani na vitamini zote, inafanya kazi ileile. Boksi zuri lina picha ya familia inacheka. Tukapanda basi alfajiri.
Tumefika Mikumi ananiambia midomo inakufa ganzi. Nikadhani ni uchovu na kiyoyozi. Ruaha Mbuyuni, wale wauza vitunguu wanagonga dirisha, yeye anakunja miguu, anasema misuli inamkaza mpaka mapajani. Tunapanda mlima Kitonga mikono ikajifunga. Nasema kujifunga: kiganja kimeinama, vidole vimenyooka vimebanana, dole gumba limeingia ndani, na ukijaribu kumnyoosha anapiga kelele. Akaanza kuhema harakaharaka kwa hofu, na baadaye nikaja kuambiwa kule kuhema nako kulikuwa kunazidisha. Mama mmoja kiti cha nyuma akasimama kukemea pepo. Mwingine anasema kifafa, mpakeni kitunguu puani, na vitunguu vilikuwepo basi zima. Konda, Mungu ambariki, akasema huyu tunamshusha Iringa hospitali, hamna mjadala.
Kule wa kwanza kumpokea alisema pepopunda. Akaja daktari kijana, akamfungua mtandio shingoni, akaona mshono. Hakuuliza mengi. Akamgonga kwa kidole shavuni mbele ya sikio, mdomo ukacheza. Akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo na kukiacha dakika chache, mkono uliokuwa umeanza kulegea ukajikunja tena mbele ya macho yetu. Akasema kalsiamu. Wakamchoma kwenye mshipa, polepole sana, huku mashine ya moyo imewashwa. Kabla sindano haijaisha vidole vikaanza kufunguka kimoja kimoja.
Lile boksi la picha ya familia daktari alilisoma ubavuni. Kalsiamu iliyokuwemo haikufika robo ya aliyoandikiwa, na alfakalsidoli haimo kabisa. Kwa hiyo mkuu Kichuguu, mimi kaboneti na sitreti sina timu. Soma ubavuni mwa boksi, tafuta kalsiamu halisi ni miligramu ngapi kwa kidonge.

Zainab_Mtoni
Subhanallah. Pole shemeji alivyopata taabu.

Kifaru_Mweusi
Mnajua hivyo vijitezi vilionekana kwanza kwa kifaru? Mwingereza Richard Owen alimpasua kifaru aliyekufa bustani ya wanyama London karne ya 19 akaviona. Kwa binadamu akavieleza Ivar Sandström kule Uppsala mwaka 1880, na hakuna aliyemjali. Theodor Kocher alipata Nobel 1909 kwa mambo ya tezi ya shingo, na zama hizo wagonjwa wengine walikuwa wanakakamaa baada ya upasuaji. Mwaka huohuo 1909 ndipo MacCallum na Voegtlin wakaonyesha ukimpa kalsiamu mkakamao unaisha.

Ngosha_Asilia
Sasa kifaru atamsaidia nini dada wa watu?

Kifaru_Mweusi
Jina langu linanibana mkuu, lazima nimtaje.

Mzee_wa_Ludewa
Vijana mnahangaika na maduka bure. Ganda la yai. Chemsha, anika, saga kwenye kinu mpaka liwe unga, kijiko kwenye uji. Ni kaboneti hiyohiyo ya Ngosha bila boksi. Marehemu mama yangu alikuwa na rovu na alifika uzeeni.

Mfamasia_wa_Mtaa
Mzee wangu shikamoo. Ni kweli ganda la yai ni kaboneti, moja lina kama gramu 2 za kalsiamu. Kwa mtu mzima anayetaka kuongezea kidogo, likichemshwa vizuri, sigombani nawe. Lakini huyu anatakiwa kujua kameza ngapi na saa ngapi, maana daktari anapandisha na kushusha kwa kipimo cha damu. Kijiko chako na cha jirani havilingani. Zikizidi nazo zina yake: kiu, mkojo kila saa, choo kigumu, mawe ya figo, mtu anachanganyikiwa.

Mzee_wa_Ludewa
Marahaba. Sijasema aache hospitali.

Kichuguu_Kimara
Nimerudi. Karatasi nimeonyesha nesi jirani yetu, kasema ndiyo, alfakalsidoli. Alipewa chache, kumbe ziliisha juzi, akaona ile ya kalsiamu inatosha.
Na kuhusu kumeza: anameza zote asubuhi kwa mpigo, ya tezi, kalsiamu na omeprazoli, na chai ya maziwa. Omeprazoli anatumia muda mrefu, ana vidonda vya tumbo. Sikuona umuhimu wa kuitaja.

Zainab_Mtoni
OMEPRAZOLI! Nimesema mimi. Hiyo inazima asidi, kaboneti inakaa tumboni kama chaki. Sitreti, mchezo umekwisha.

Ngosha_Asilia
Haujaisha. Kaboneti na mlo kamili bado inaingia, na daktari anaweza kuangalia kama hiyo omeprazoli bado anaihitaji. Mtu asiuze kiwanja kwa ajili ya sitreti.

Mfamasia_wa_Mtaa
Kwa huyu, nikiwa kaunta, ningeegemea sitreti, Zainab yuko sawa. Ila kuna makubwa kuliko hilo.
Dawa ya tezi inamezwa tumbo tupu kwa maji matupu, na kalsiamu ikae mbali nayo kwa muda wa masaa manne. Akizichanganya zinashikana tumboni na ya tezi hainyonywi vizuri. Maziwa nayo yana kalsiamu. Vidonge vya damu vyenye chuma navyo vikae mbali, na siku akiandikiwa antibayotiki kama siprofloksasini au doksisaiklini akumbushe kwamba anatumia kalsiamu.
Kalsiamu asilundike. Mwili unanyonya vizuri miligramu 500 au chini kwa mara moja, ndiyo maana kaandikiwa 1x3.
Omeprazoli ya muda mrefu inaweza pia kushusha magneziamu, na magneziamu ikiwa chini kalsiamu haipandi hata umeze ndoo. Waombe wapime zote mbili.
Na zile za povu: nyingi zina sodiamu nyingi. Kama ana presha, hapana.
Ila kwa kuwa alfakalsidoli imekatika na ganzi ipo, mimi nisingengoja kliniki ya wiki ijayo. Kesho asubuhi nenda naye maabara kwanza, duka baadaye.

Mnyalu_Halisi
Wakati mnasubiri, hivi mbona goita bado zipo na chumvi ya madini joto tumeambiwa tangu miaka ya 1990? Huku kwetu Iringa utotoni kila ukoo ulikuwa na mtu mwenye rovu.

Mzee_wa_Ludewa
Kwa sababu mnanunua chumvi ya mawe kwenye debe, imeanikwa juani sokoni. Na wapishi wenu wanaitia chungu kikiwa bado kinachemka, madini yote yanaondoka na mvuke.

Mnyalu_Halisi
Mzee si yote, yanapungua. Na goita si chumvi tu, kuna za kurithi, kuna za vinundu, kuna za tezi kufanya kazi kupita kiasi.

Zainab_Mtoni
Na ukitolewa tezi iliyokuwa inafanya kazi kupita kiasi ndiyo kalsiamu inashuka zaidi, mifupa inakuwa na njaa inaivuta yote. Kichuguu, dada yako goita yake ilikuwa ya aina gani?

Kichuguu_Kimara
Wakuu, hiyo nitajibu baadaye. Ameamka mkono wa kulia unakaza, dole gumba limeingia ndani kama alivyoeleza Mwenda Kitonga. Tumechukua bajaji.

Mwenda_Kitonga
Nendeni. Mwambie aheme taratibu. Ukifika sema neno la kwanza "ametolewa tezi yote", usianze na historia.

Otis_wa_Rongai
Poleni sana. Mtupashe mkifika.

Kichuguu_Kimara
Tumerudi jioni hii. Kalsiamu ilikuwa 1.9, wakasema inatakiwa ianzie kwenye 2.1 hivi. Kachomwa kwenye mshipa taratibu, wakamwangalia moyo, mkono umefunguka. Magneziamu wamechukua damu, majibu kesho. Alfakalsidoli wamempa ya mwezi na kalsiamu kopo zima. Za tezi sasa anameza alfajiri akiamka kuswali, kalsiamu kuanzia saa nne asubuhi. Anakula wali saa hizi.

Ngosha_Asilia
Alhamdulillah. Kopo la nini? Kaboneti au sitreti?

Kichuguu_Kimara
Sijaangalia, analo chumbani kalala.

Ngosha_Asilia
Kaboneti hiyo. Hospitali gani itatoa sitreti.

Zainab_Mtoni
Asipoandika kesho ni nini, uzi huu haufungwi.

Otis_wa_Rongai
Na mimi nina swali, mathe wangu anatolewa tezi mwezi ujao, upande mmoja tu. Anakula uji wa wimbi kila asubuhi na omena jioni. Hiyo inatosha ama bado anafaa kununua vidonge mapema?

Mfamasia_wa_Mtaa
Upande mmoja kalsiamu haishuki mara nyingi, vijitezi vya upande wa pili haviguswi. Wimbi ni nzuri, omena, yaani dagaa, pia kwa kuwa zinaliwa na mifupa yake. Usinunue kitu bado, ila aulizwe daktari kama vitamini D yake ipimwe kabla ya upasuaji. Anatumia dawa gani nyingine?

Otis_wa_Rongai
Ni ya presha tu, na nyingine ya miguu. Jina sijui, ni ya njano.