Mkandarasi wa daraja la 7 Mbeya, nijiunge na chama cha makandarasi au bodi inatosha?

FundiUyole
Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri hasa nyie mlioko kwenye ujenzi huku nyanda za juu kusini. Nimepiga kazi za ufundi muda mrefu chini ya watu, sa hivi nina kampuni yangu, usajili wa kampuni BRELA tayari, CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) nimesajiliwa daraja la 7 majengo, lile la chini kabisa, na NeST, mfumo wa tenda za serikali mtandaoni, nipo. Sasa kuna jamaa wa chama cha makandarasi kanikuta Mwanjelwa kwenye duka la vifaa ananiambia nijiunge, kuna kiingilio halafu kila mwaka ada. Mi najiuliza, tayari nalipa ada ya bodi, leseni ya biashara, TRA, WCF ya fidia kwa wafanyakazi, OSHA wa usalama kazini nao wapo, na kazi zenyewe mnajua za huku, mvua ikishaanza kushika mwezi wa 11 mpaka inafika wa 5 saiti nyingi zinasuasua. Hicho chama kitanipa kitu gani ambacho bodi hainipi? Na nikikataa kuna madhara? Naomba wajibu waliomo ndani na waliotoka pia.

MzeeWaMoramu
Kamwene kijana, hongera kwa kujisajili maana wengi wanakwama hapohapo.

Chama sio lazima. Hakuna wa kukufutia usajili kwa sababu hujajiunga. Cha lazima ni bodi, hiyo ipo kwa sheria namba 17 ya mwaka 1997, ukifanya kazi za ukandarasi bila bodi umevunja sheria. Ila uelewe bodi haijawekwa kukutetea wewe, imewekwa kukusimamia ili mwenye kazi asipate jengo bovu, ndo maana ina uwezo wa kukufungia. Chama ni watu wa upande wako. Ndo tofauti kubwa, na vijana wengi hawaioni mpaka siku wanapodai hela.

Niambie, umemaliza kazi, injinia kakagua, setifiketi ya malipo imesainiwa imefika uhasibu, halafu kimya. Mwezi, miezi. Mkataba kwa kawaida una kipengele cha riba malipo yakichelewa, lakini mkandarasi wa daraja la 7 anayethubutu kuiandikia halmashauri barua ya kudai riba mi sijawahi kumuona! Anaogopa, mwakani anarudi kuomba kazi palepale kwa watu walewale. Na huku nondo alizichukua kwa mkopo dukani, vibarua jumamosi wanamsubiri saiti wanataka chao, benki nayo riba inatembea. Nimeona watu wazuri kabisa kwenye kazi wameuza kiwanja kwa sababu ya setifiketi moja. Sasa hapo ndo penye maana ya chama, barua inakwenda kwa jina la chama kwamba wanachama wetu mkoa huu wanadai kazi walizokamilisha, jina lako halimo, hakuna wa kukuwekea kinyongo.

La pili ni taarifa, tena zile ambazo hazipo kwenye nyaraka za tenda. Kuna kijana alikuwa anaandaa bei ya barabara ya vijijini huku kwetu, moramu, udongo wa kutengenezea barabara, kapigia hesabu ya shimo la karibu. Akaongea na wenzie wa chama, mmoja akamwambia lile shimo limeisha, udongo mzuri sa hivi unavutwa mbali sana kule juu. Akarudi akapanga upya bei ya usafirishaji. Angeshinda kwa ile bei ya kwanza angeifanya kazi kwa hela yake ya mfukoni. BOQ, ile orodha ya kazi na vipimo vyake, haikuambii hayo, anakuambia mtu aliyevuta moramu hapo msimu uliopita.

MafingaBoy
Shikamoo mzee, mi naheshimu ulichosema ila nitoe upande mwingine maana nilikuwa mwanachama nimetoka.

Chama nilichokuwa mimi kila kikao Dar au Dodoma. Nauli, malazi, na siku hizo saiti umemuachia nani? Ukifika ajenda zote za daraja la 1 na la 2. Mfano hili la kazi za serikali zisizozidi bilioni 50 kutengewa wazawa, zamani ilikuwa bilioni 10, ni jambo zuri kwa nchi na wazawa wamelipigania kweli, lakini mimi ninayejenga matundu ya vyoo vya shule linanigusa wapi? Shida yangu mimi ni dhamana. Nikishinda tenda naambiwa leta dhamana, benki wanataka hati ya nyumba sina.

Na hapo FundiUyole nisikilize vizuri, bodi yenyewe ina mfuko wa kusaidia makandarasi wadogo na wa kati, unawekea dhamana ya zabuni na ya malipo ya awali. Unajiunga na mfuko wenyewe. Mafunzo pia bodi wanatoa, Baraza la Taifa la Ujenzi nao wanatoa na wanashughulika na usuluhishi wa migogoro ya mikataba. Malizia kwanza kutumia hivyo ambavyo tayari unavilipia. Hela ya kiingilio nunua vaibreta, zege lako likae vizuri, injinia wa wilaya akikusifia hiyo ndo tenda ijayo.

FundiUyole
Ndaga fijo wote. Mzee nimekuelewa kwenye barua, hilo limenigusa maana hata sasa kuna sehemu nadai. Ila alichosema MafingaBoy ndo hofu yangu. Nitajuaje kama chama kiko hai huku Mbeya au ni cha makaratasi?

MamaZegeNjombe
Mwanangu uliza kabla hujatoa hata mia. Nani mwakilishi wenu mkoa huu na mlikutana lini mara ya mwisho. Katiba iko wapi niisome. Hesabu za mwaka jana zilikaguliwa? Nioneshe barua moja mliyoiandikia taasisi kuhusu malipo na jibu lililorudi. Hiyo ya mwisho ndo inawachuja, chama kilicho hai hakikosi barua. Na huyo aliyekufata dukani usimpe keshi mkononi, ada inalipwa kwenye akaunti ya chama unapewa risiti.

Halafu vyama sio kimoja. Mi nipo cha makandarasi wanawake, TWCA, na kimenisaidia sana nilipokuwa naanza kwa sababu serikali imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, lakini kuwa mwanamke peke yake hakukupi hiyo nafasi, kuna utaratibu wake wa kusajiliwa, na mimi nilielekezwa na mama mwenzangu hatua kwa hatua kwenye simu usiku mzima. Kuna vya wazawa, kuna vya kazi za barabara. Angalia chenye watu wa ukubwa wako. Hata ubia unapatikana humo, kazi nyingine peke yako hufikishi vigezo, mkiungana wawili kwa mkataba ulioandikwa vizuri mnafikisha.

Onyo moja kutoka moyoni. Ukikuta kikao cha chama kinageuka kuwa cha kugawana tenda, wewe weka bei hii mimi niweke hii, inuka utoke. Kupanga bei za zabuni ni kosa, PPRA, wasimamizi wa manunuzi ya umma, wanakufungia kabisa usiombe kazi ya serikali, na kampuni uliyoihangaikia inaishia hapo.

UmemeTunduma
Samahani wakuu naomba kudandia hapa, sisi mafundi tusio na kampuni tunaingia wapi? Mi nawaya nyumba, leseni ya fundi umeme ya EWURA ninayo ila ndo hivyo natembea na begi langu, wateja wengine ukimaliza wanakata bei.

MafingaBoy
Kwako wewe vyama vya makandarasi bado, hivyo ni vya waliosajiliwa bodi. Lakini mafundi wa mji mmoja mnaweza kuwa na kikundi chenu mkakisajili halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii. Na kazi za force account, zile ambazo taasisi ya serikali inazisimamia yenyewe kwa kutumia mafundi, siku hizi mafundi wanapatikana kupitia NeST, kwa hiyo jisajili humo. Kuhusu wanaokata bei andikishaneni kabla hujafungua begi, karatasi moja tu, pointi ngapi na bei ya kila pointi, malipo ya kuanzia na ya kumalizia, saini zenu wote na shahidi.

MzeeWaMoramu
MafingaBoy usemi wako wa vikao vya Dar ni kweli na tumeusema ndani mara nyingi. Ndo maana huku tunataka vikao vya kanda vifanyike hukuhuku, Mbeya, Iringa, Njombe kwa kupokezana, na wa daraja la 7 wawe na mtu wao kwenye kamati. Mkikaa nje wote nani atayasema hayo? FundiUyole, hiyo hela unayodai andika leo, tarehe ya setifiketi, kiasi, na nani aliipokea uhasibu, kila kitu kiwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ujiunge usijiunge, bila hizo nakala hakuna chama wala mwanasheria atakayekusaidia.

FundiUyole
Nakala ninazo mbili, ya tatu haina muhuri. Jumatatu naenda kuipeleka upya masijala wagonge, halafu nitamtafuta huyo jamaa wa Mwanjelwa nimuulize maswali ya Mama.