Naomba ushauri: kiwanja kilichooshewa dhahabu
Habari zenu wakubwa. Nipo Busia, upande wa Uganda. Mwaka jana nilinunua kiwanja kwa bei poa (sasa najua kwa nini). Kumbe wachimbaji walikuwa wakioshea dhahabu hapo kwa zebaki. Juzi baada ya mvua nimeona vitone vinang'aa kama fedha kwenye tope la shimo lao. Mke wangu alishapanda sukuma, nimeing'oa yote. Fundi mmoja ananiambia nichome udongo, wakati mvuke wa zebaki ndio sumu yenyewe!

Je, nichimbue tabaka la juu? Nitalitupa wapi? Au nifunike kwa zege nijenge vibanda vya kupangisha? Vipimo nianzie NEMA (mamlaka ya mazingira ya Uganda) au maabara ya serikali Wandegeya, Kampala? Kisima cha jirani kipo hatua 20 tu, hicho ndicho kinachoninyima usingizi.