Intaviu ya Rukia Alhamisi

Rukia: Asalaam aleikum nyote. Nimeitwa intaviu Alhamisi saa tatu, ile ofisi ya klaringi, ya kutolea watu mizigo bandarini, hapo Moi Avenue. Niombeeni dua. Na mwenye kujua maswali anisaidie maana ile ya mwezi jana nliharibu, naambiwa "tueleze kuhusu wewe" nkaanza nlizaliwa Likoni nkasoma praimari wapi, yule bwana akashika simu yake

Mama Rukia: Allah akufungulie mwanangu 🤲🏽

Khala Zuhura: Waaleikum salaam, hongera mama. Sikiza, mimi nimekaa upande wa pili wa ile meza miaka mingi, hilo swali si la kusimulia maisha. Sema umesomea nini, kwenye atachimenti, yale mafunzo ya kazini, ulishika kazi gani, na kwa nini umeomba hii. Dakika moja na nusu, basi

Rukia: Sasa khala atachimenti yenyewe miezi mitatu, kupanga mafaili na kutoa kopi. Nimeandika "mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi na wenzangu"

Khala Zuhura: Hayo nayasikia kwa kila anayeingia mlangoni, akitoka simkumbuki

Twalib: Kwani Rukia umesahau siku ulovuka feri usiku na mama ashapiga simu mpaka akachoka? Ile ya namba ya kontena

Rukia: Aah ile si kitu

Khala Zuhura: Hebu nambie

Rukia: Nlikuwa naambatisha makaratasi nkaona namba ya kontena kwa BL, ile hati ya mzigo ya meli, na kwa entri, ile fomu ya forodha, haziwiani, huku 68 huku 86. Bosi akasema pengine macho yangu, nkamsomea zile herufi nne na tarakimu saba moja moja akaona kweli, tukakaa mpaka saa mbili usiku nkiandika upya barua za kurekebisha

Amu Salim: Wee mtoto wee! Nimefanya bandarini, kontena likiwa na namba si yake halitoki geti, na siku za bure zikiisha pesa ya stoo yahesabiwa kila siku, na wenye meli nao wataka pesa ya kontena lao. Tajiri alokoa pesa siku hiyo hajui ni wewe. Halafu wasema si kitu?

Khala Zuhura: Hiyo ndiyo intaviu yako Rukia. Wakisema tupe mfano wa shida ulotatua, ni hiyo. Nguvu yako nini, ni hiyo hiyo. Isimulie vivi: mambo yalikuwaje, wewe ulitakiwa nini, ukafanya nini, ikaishaje. Watu wengi hukaa kwenye ile shida wee, wakifika kwa walilofanya wameishiwa pumzi. Na useme nilifanya, usiseme tulifanya, mtu akinambia tulifanya tulifanya huwa sijui yeye alikuwa wapi

Rukia: Na udhaifu? Rafiki yangu asema nijibu nafanya kazi kupita kiasi

Khala Zuhura: Usithubutu, hilo kila mtu ashalijua. Sema la kweli na wafanya nini kulirekebisha

Mama Rukia: Huyu simu za asiowajua azihofu, huandika kwanza kwa karatasi atakalosema ndo apige

Khala Zuhura: Basi limepatikana, na karatasi uitaje

Twalib: Mshahara usiseme "chochote". Uliza wanaofanya kazi kama hiyo, kisha uwape kiwango, cha chini mpaka cha juu, na useme ni kabla ya makato. SHIF ya matibabu yala 2.75%, tozo ya nyumba 1.5%, bado NSSF ya uzeeni na kodi

Mama Rukia: Na wakimuuliza ataolewa lini, atazaa lini? Dadake aliulizwa akarudi analia

Khala Zuhura: Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 5 yakataza kubagua kwa jinsia wala mimba, hata kwa anayeomba kazi tu. Lakini pale mezani si pa kugombana, sema "saa za kazi mlizotangaza naziweza" halafu nyamaza. Mwisho wakikupa nafasi ya kuuliza, usiseme sina. Uliza wiki ya kwanza utakaa na nani na atakufunza nini

Amu Salim: Na feri uwe ushavuka saa kumi na mbili unusu, mimi ntakungojea ng'ambo na tuktuk

Khala Zuhura: Sasa nitumie voisi ya kontena. Si kuandika, nataka nikusikie

Rukia: 🎤 2:51

Khala Zuhura: Ndefu. Ya bosi na macho itoe, usimseme mtu. Anza pale ulipoona 68

Rukia: 🎤 1:22

Khala Zuhura: Hiyo. Hiyo hasa mwanangu. Kesho jioni nikupigie uniambie tena bila karatasi