Je, familia inaweza kuishi Iowa City bila gari?

Mhamiaji: Ndugu zangu, habari za huko. Tunatarajia kuhamia Iowa City, jimboni Iowa hapa Marekani, kutoka Kentucky, kwa kuwa mume wangu amepata nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha Iowa, nami nitafanya usafi katika hospitali kuu ya chuo hicho, zamu ya jioni. Hatuna gari. Nimeambiwa kwamba basi ni bure. Je, ni kweli, na je, mabasi hayo yanamfaa mtu anayetoka kazini usiku?

Mkazi wa siku nyingi: Karibuni sana, dada. Ni kweli: tangu Agosti 2023 mabasi ya manispaa, ambayo awali nauli yake ilikuwa dola 1, hayatozi chochote. Mpango huo ulianza kama jaribio la miaka miwili kwa fedha za msaada wa serikali kuu za wakati wa korona, na baadaye ukaendelezwa. Kwa familia yenye kipato kidogo hiyo ni nafuu kubwa. Lakini basi la bure lisilopita saa unayolihitaji halikusaidii, na kwa miaka mingi mabasi ya manispaa hayakuwa yakifanya kazi Jumapili, kwa hiyo soma ratiba ya siku hiyo kabla ya kukubali zamu. Aidha, Coralville, mji uliopakana nasi na ambako Wakongomani wenzetu wengi wanaishi, una mabasi yake na utaratibu wake wa nauli.

Mwanafunzi wa uzamili: Naomba niongezee kuhusu Cambus, mabasi ya chuo yaliyoanza mwaka 1972. Wageni wengi hudhani ni ya wanafunzi peke yao, kumbe mtu yeyote anaruhusiwa kupanda bila kulipa. Mto Iowa unaugawa mji: katikati ya mji na madarasa mengi yako mashariki, hospitali iko magharibi, na Njia Nyekundu na ile ya Bluu huziunganisha pande hizo zikizunguka kwa mielekeo tofauti. Hata hivyo, madereva wengi wa Cambus ni wanafunzi, na ratiba yake hufuata kalenda ya chuo. Muhula unapofungwa safari hupungua, ilhali wewe mfanyakazi wa hospitali huna likizo hiyo.

Mhamiaji: Asanteni sana. Basi tutafute nyumba upande gani?

Mkazi wa siku nyingi: Kwa maoni yangu, upande wa magharibi, mahali ambapo unaweza kurudi kwa miguu iwapo umekosa basi la mwisho, hata kama kodi imezidi kidogo, maana Januari hapa baridi ni kali mno kumsimamisha mtu kituoni kwa muda mrefu. Mumeo atavuka mto mchana, wakati mabasi ni mengi. Kabla ya kutia sahihi mkataba, muulize msimamizi wa hospitali zamu inaisha saa ngapi hasa, kisha linganisha saa hiyo na ratiba ya likizo, si ya muhula.