Nimebakiza sahihi tu, lakini naogopa kushindwa: mtu anaendeleaje hofu ikiwa bado ipo?

Binti wa Tandahimba ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa kujitolea huku Tandahimba. Kwa muda mrefu nimekuwa na azma ya kuanzisha, pamoja na wanawake wenzangu wa kijijini, kikundi cha kubangua korosho na kuziuza zikiwa zimefungashwa, badala ya kuzitazama kila msimu zikipakiwa ghafi kwenye malori na kwenda zake. Katiba ya kikundi imekamilika, na maombi ya mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengewa wanawake, yanasubiri sahihi yangu kama mwenyekiti. Kila nikishika kalamu, mkono unakuwa mzito. Kipo kikundi jirani kilichokopa kikasambaratika, na hadi leo wanachama wake wakipita sokoni watu wananong'ona. Mama yangu naye hanikatazi, ila ananitazama tu, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kukatazwa. Naomba msiniambie "jiamini", kwa sababu hilo nimekwisha kuambiwa mara nyingi.

Mzee wa Mikindani amejibu:

Mwanangu, ninavyokusoma mimi, una hofu mbili ulizozifunga katika furushi moja: ya kupoteza fedha na ya kuchekwa. Zifungue, kwa maana hazitibiwi kwa dawa moja. Hofu ya fedha hupungua kwa hesabu na majaribio. Hofu ya kuchekwa haipungui kwa hesabu yoyote. Utakwenda nayo hivyo hivyo, na wanaonong'ona watanong'ona hata ukifanikiwa.

Sisi watu wa kusini hatuna haja ya kutafuta mbali mfano wa jambo kubwa lililoanguka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha ule Mpango wa Karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea, ikiwa na shabaha ya kulima ekari zaidi ya milioni 3, na ilipofika mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Watu husema waliponzwa na tamaa ya makubwa. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo. Kilichowaponza ni kuleta matrekta kabla ya kuujua udongo wenyewe, kwani ule wa Kongwa ulipokauka uligeuka mgumu mno, na mvua nazo hazikutosha. Wangelima kwanza kipande kidogo kwa misimu michache, udongo ungewaambia wenyewe kwa gharama ndogo sana. Reli yao iling'olewa, lakini bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo ndiyo inayopakia korosho zetu hadi leo.

Kwa hiyo sikushauri upunguze azma yako. Punguza ukubwa wa hatua ya kwanza.

Mbanguaji Masasi amejibu:

Shikamoo mzee. Dada, naongeza upande wa kazi yenyewe, kwa sababu hofu nyingi hukaa mahali ambapo mtu hajapima. Kabla ya kutia sahihi, chukueni gunia moja la korosho kutoka kwenye mikorosho ya familia zenu (msithubutu kununua kwa kangomba, yaani kichinichini nje ya mfumo rasmi, mtaingia matatani kabla hamjaanza), mzipike kwa mvuke, mzibangue, mzikaushe na mzimenye ninyi wenyewe. Katika kilo 100 za korosho ghafi hupatikana takriban kilo 20 hadi 25 za korosho zilizobanguliwa, lakini faida haimo katika uzito peke yake. Korosho nzima za daraja la W320, yaani zile ambazo punje 300 hadi 320 hutimiza ratili moja (karibu nusu kilo), zina bei. Zilizovunjika bei yake iko chini sana. Hesabuni ngapi zinavunjika mikononi mwenu, na pia nani kati yenu anavumilia mafuta ya maganda, kwa kuwa yanababua ngozi na wapo watakaoacha siku hiyo hiyo. Baada ya hapo utakuwa unaogopa namba inayojulikana, na kwa habari za leseni ofisi za Bodi ya Korosho ziko Mtwara mjini.

Mhasibu Mstaafu, Lindi, amejibu:

Mimi nina neno la tahadhari, maana naona wenzangu wanaitendea hofu kana kwamba ni ugonjwa. Mkopo wa halmashauri hauna riba, lakini ni deni la kikundi kizima: mmoja akikimbia, waliobaki wanabeba mzigo wake. Tena bei ya korosho haimo mikononi mwenu. Mwaka 2018 wanunuzi walitoa bei ndogo mnadani, wakulima wakagoma kuuza, mpaka serikali ikaingilia na kutangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Aandike kila mwanachama, kwa mkono wake, atalipa kiasi gani na kutoka wapi ikiwa biashara itasimama. Atakayekataa kuandika asiwe mwanachama. Kama jumla ya maandishi hayo haifikii deni, ombeni mkopo mdogo zaidi.

Binti wa Tandahimba amejibu:

Nawashukuru sana, na wazee wangu shikamooni. Maombi nitayaweka kando kwanza. Mama amekubali kututolea gunia la kujaribia, ingawa amesema atalipima mwenyewe kabla ya kulitoa na maganda atayaangalia pia. Hilo la kuandika nitalipeleka kwenye kikao, na tayari nawajua wawili watakaonuna. Swali langu lililobaki ni kuhusu vipande: vikiwa vingi, huku kwetu vinauzwa wapi?

Mbanguaji Masasi amejibu:

Waulize wanaooka keki na biskuti Mtwara mjini na Masasi. Wao hawajali punje ikiwa nzima au imevunjika. Vikausheni vizuri tu, kwa sababu vipande vyenye unyevu huota ukungu upesi kuliko korosho nzima.