Mjadala: Swali la dini lirudi kwenye dodoso la sensa, au tuendelee kukisia?

Wakuu, heshima kwenu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: swali la dini lirudi.

Mara ya mwisho Tanzania kuhesabu watu kwa dini zao ilikuwa 1967. Tangu hapo kila asilimia unayoisikia ni makisio, na kila upande una yake. Chukua Manispaa ya Kigamboni. Sensa ya 2022 ilikuta watu 317,902. Karani alikuja na kishikwambi, akauliza choo cha namna gani, mnapikia nini, nani ana ulemavu. Dini hakuigusa. Kule Kimbiji na Pemba Mnazi wenyeji wa pwani wengi ni Waislamu, na watu wa bara wanazidi kununua viwanja na kujenga, makanisa yakiwemo. Uwiano umebadilika kiasi gani? Nenda kwenye kikao cha kata kinachojadili eneo la makaburi uone. Mzee mmoja anasimama, "Sisi hapa ndio wengi." Wa pili naye anasimama na kusema hivyo hivyo. Diwani hana karatasi ya kuwaonyesha, kikao kinaahirishwa.

Hoja ya wanaopinga naijua: maji na zahanati havina dini, na swali hili litatugawa. Serikali ililikataa 2012, pale baadhi ya vikundi vya Waislamu vilipotaka waumini wagome kuhesabiwa. Kugoma siungi mkono hata kidogo. Asiyehesabiwa anawapunguzia majirani zake dawa na madawati. Ila kunyamaza nako hakujazima tambo za "sisi ndio wengi". Wenzetu Kenya waliuliza 2019, wakatangaza hadi wale zaidi ya 700,000 waliosema hawana dini, na amani haikuvunjika kwa sababu ya swali hilo.

Masharti ninayo. Kujibu kuwe hiari. Dini za jadi na wasio na dini wapewe nafasi yao, wasirundikwe kwenye "nyinginezo". Na matokeo yaishie ngazi ya kata. Yakishuka hadi mtaa, kaya mbili tatu za dini yenye watu wachache zitajulikana kwa majina, na hilo silikubali kabisa.

Sasa nyie mnaopinga, nijibuni hili tu: kata inayokua kwa kasi igawe eneo la makaburi kwa kigezo gani, kama si idadi?