Tupeane uzoefu: ulitaka kitu gani hasa, na nani mwingine kafaidika?

Fundi Cheche (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Kila siku tunajadili maendeleo: barabara, bajeti, nani kala nini. Leo kila mtu aseme kitu kimoja alichokitaka yeye mwenyewe, kile cha kumnyima usingizi. "Nataka utajiri" siipokei. Kitu chenye jina na bei.

Naanza mimi. Nilitaka mashine ya kuchomelea. Nilikaa kwa fundi mjini miaka miwili, nikarudi kijijini ambako nguzo ya umeme hakuna hata moja. Mashine nikainunua hivyo hivyo. Ilikaa chini ya kitanda imefunikwa kanga, mke wangu akawaambia ndugu nimechanganyikiwa. REA, wale wa umeme vijijini, walipofika nikalipa ile 27,000 ya kuunganishiwa, na siku ya kwanza nikachomelea geti la jirani bure, watu waone cheche. Kabla ya hapo dirisha la chuma lilikuwa linaagizwa mjini, nauli juu yako. Nimeshafundisha vijana wawili, mmoja kanikimbia kafungua yake njia panda. Iliniuma, nisiseme uongo.

Binti Bamvua
Mie kwetu pwani ya mashariki, Unguja. Mwani ulipoanza kulimwa kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, mama aliingia mapema. Hilo neno maendeleo hakulijua. Alitaka kununua viatu vya skuli bila ya kumuomba baba, basi. Bamvua ikifika, maji yakipwa, anashuka na kamba zake kichwani, anafunga mbegu mpaka mgongo unakataa. Pesa ya mwanzo viatu, baadae kitanda, baadae mabati. Baba alinuna miaka, ila mabati yalipopanda juu alinyamaza. Mie na dada zangu tumemaliza skuli kwa mwani ule.

Lakini tusidanganyane. Mwani wa cottonii, ule wenye bei, maji yamezidi joto siku hizi, unaoza kambani. Umebaki spinosum wa bei ya kutupa. Mama bado anautaka mwani, mwani haumtaki. Sasa wanausaga kwenye kikundi chao wanatengeneza sabuni, na wateja wenyewe ni wageni wa mahoteli.

Kuku Hewa
Mleta mada, kutaka tulitaka. Vijana watano, tulijaza fomu za mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri tufuge kuku wa mayai. Katiba ya kikundi tumeandika, banda tumejenga kwa michango yetu, mikopo ikasitishwa 2023. Iliporudi mwaka uliofuata wawili walikuwa Dar wanaendesha boda, mmoja kaoa, na banda linawekwa mahindi ya mama mwenye nyumba.

Fundi Cheche
Pole mkuu. Si mmebaki watatu?

Kuku Hewa
Wawili. Yule aliyeoa simhesabu.

Mzee wa Mkataba
Mimi nilitaka kadi ya pikipiki yenye jina langu. Nilichukua boda ya mkataba: hesabu elfu 10 kila siku kwa bosi mpaka iwe yangu, iwe mvua, iwe msiba, zaidi ya mwaka mzima. Siku nakabidhiwa kadi nililala nayo chini ya mto. Asubuhi nikaitazama pikipiki vizuri kwa mara ya kwanza: tairi vipara, cheni imelegea, injini inakunywa oili. Imekuwa yangu ikiwa tayari kikongwe!

Nikaiuza, nikaongezea, nikamnunulia mama ng'ombe wa maziwa. Wazo lilikuwa lake, miaka yote alikuwa analisema tunamcheka. Sasa majirani watatu wanachukua maziwa kwake asubuhi, mtoto wa shangazi analipwa kukata majani, na mimi nikikwama kodi ya chumba nampigia yeye. Juzi kaniuliza lile deni la mwezi wa tatu nalirudisha lini.